Picha Bila Maelezo Haihifadhi Kitu

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama, katika Pwani ya Kenya, akiwa kando ya vigango viwili, nguzo za kuchonga alizowasimamishia ndugu zake marehemu. Haukupita muda vigango vyote viwili vikaibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu huko Marekani, Udvardy alioneshwa slaidi ya kigango kilichokuwa katika hazina ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois, akakitambua papo hapo: kilikuwa kimoja kati ya vile viwili. Cha pili kikaja kuonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kile cha Illinois kilirudishwa Kenya, na mwaka 2007 familia ikakabidhiwa mali yake.

Picha yenyewe haikuwa ya ajabu. Ilikuwa ya filamu, ya kamera ya kawaida ya miaka ile. Nguvu yake ilitokana na aliyeipiga kujua vigango hivyo ni vya nani, vilisimamishwa kwa ajili ya akina nani, vilikuwa boma gani na picha ilipigwa lini. Bila hayo ingekuwa picha ya mzee na nguzo mbili za kuchonga, na ni makumbusho gani ingekubali kuachia kigango kwa ushahidi wa namna hiyo? Tazama vile vigango 30 ambavyo makumbusho ya sayansi ya Denver iliamua mwaka 2014 kuvirudisha, vikafika Kenya mwaka 2019. Kigango kikishapita mikononi mwa madalali na wauza sanaa, jina la mwenyewe hudondoka njiani. Kukirudisha nchini kunawezekana. Kumpata mwenye boma aliyeamka asubuhi akakuta shimo mahali kilipokuwa kimesimama ni kazi nyingine kabisa.

Tunayasema haya kwa sababu Afrika Mashariki imeingia katika msimu wa kupiga picha. Makumbusho, vyuo vikuu, misikiti, familia na vijana wenye simu zao wanapiga picha milango ya kuchonga, magofu, vyungu, ngoma na vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Tunalifurahia jambo hili na tunataka lizidi. Ila fedha na sifa zinakwenda kwenye kamera, huku kazi ya kuandika maelezo, kutunza mafaili na kuweka nakala ikiachiwa mtu asiyelipwa, au ikiachwa kabisa. Hapo ndipo urithi unapotuponyoka kwa mara ya pili, na hapo ndipo fedha zielekezwe.

Uwezo wa kamera za leo hauna ubishi. Chukua mfano huu: mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba katika Kongo ya leo, karatasi zimemwishia na wino umemwishia. Akachukua kurasa za gazeti la London, The Standard, akaandika shajara yake juu ya maandishi yaliyokwisha kuchapwa, na wino akaupata kutokana na mbegu za mzingefuri. Tarehe 15 Julai mwaka huo aliyashuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe, watu waliokuja kuuza na kununua wakimiminiwa risasi na watu wa wafanyabiashara waliotoka upande wa Pwani, akayaandika humo humo. Wino ule ulififia hadi kurasa nyingi zikawa hazisomeki.

Mwaka 2010 timu iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ilianza kuzipiga picha kurasa hizo, kila ukurasa mara nyingi, kila mara kwa mwanga wa rangi tofauti, pamoja na mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni. Wino wa kiwandani na wino wa mbegu haziupokei mwanga kwa namna moja. Kompyuta ikatumia tofauti hiyo kulififisha gazeti na kuukoleza mwandiko. Mwaka 2011 shajara ilitolewa mtandaoni, na ikadhihirika kwamba alichokiandika Livingstone palepale Nyangwe hakilingani kila mahali na kilichochapishwa kitabuni mwaka 1874, baada ya kifo chake. Kwa yeyote anayejali historia ya Manyema, nchi ilimo Nyangwe, na ya misafara ya bara, huo ni ushahidi uliokuwepo miaka 140 bila mtu kuweza kuusoma.

Karibu na nyumbani, ukiingia kwenye mapango ya Kondoa utaona michoro ambayo jicho la kawaida linapata taabu kuitenganisha na doa la jiwe. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikwenda huko mwaka 1951 akaifuatisha kwa mkono, mchoro baada ya mchoro, kwa kuweka karatasi angavu juu ya mwamba. Leo wataalamu hutumia programu iitwayo DStretch, iliyobuniwa na Jon Harman, inayochukua picha ya kawaida ya kidijitali na kuzivuta mbali rangi zinazokaribiana, wekundu hafifu ukawa wekundu uliokoza. Mwaka 2018 mtafiti Maciej Grzelczyk aliikuta michoro ya Amak'hee 4 katika Pori la Akiba la Swaga Swaga, mkoani Dodoma, na alipoitangaza mwaka 2021 dunia ikaona watu watatu waliochorwa na vichwa vinavyofanana na vya nyati. Programu hiyo ilisaidia kuyatoa mengi yaliyofifia. Lakini nakala za Mary Leakey bado zina kazi, kwa sababu zinaeleza ni mwamba gani na mchoro uko wapi. Mtu anaweza kurudi leo na kamera, akasimama palepale, akapima kilichopungua.

Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, ni hivyo hivyo. Nyayo zile za mababu wa kale wa binadamu, za miaka milioni 3.66, zilizogunduliwa mwaka 1978, zilifukiwa upya katikati ya miaka ya 1990 baada ya mizizi ya migunga kuanza kupenya ndani yake. Zilipopatikana nyayo za wapitanjia wengine wa kale karibu na hapo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, pamoja na wenzao wa Italia, walizipiga nyayo hizo picha nyingi kutoka pembe mbalimbali, na kompyuta ikaziunganisha kuwa umbo kamili lenye urefu, upana na kina. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Unyayo ulio chini ya udongo unaweza kupimwa na mtu aliyeketi mezani mwake, mradi picha zile zilipigwa pamoja na vipimo, na kila picha inajulikana ilitoka shimo lipi.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma zaidi: vitabu vya mkono vya Pwani. Kuanzia Lamu hadi Kilwa, Unguja, Pemba na Komoro, kuna nyumba zenye miswada iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, mingine kwa Kiarabu, mingine kwa Kiswahili: tenzi, dua, fikihi, tiba, falaki, hesabu za mali, nasaba. Imo ndani ya makasha, juu ya makabati, kwenye rafu za misikiti. Chumvi ya baharini, unyevu, mchwa na wadudu watoboao karatasi havipumziki. Kizazi kinachoweza kuisoma bila kusitasita kinapungua. Na wanunuzi wapo, wanaojua thamani ya kitu kuliko mjukuu aliyeachiwa kasha.

Kazi nzuri imefanyika mahali mahali. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioasisiwa na Habib Saleh, ilipigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, mpango ambao kanuni yake ni kwamba kitabu chenyewe kisihame na nakala ya picha ibaki pia na wenyeji. Kanuni hiyo ni ya haki, na iwe sharti kwa kila mgeni anayekuja na kamera.

Wazee wetu waliijua thamani ya maelezo kabla ya kompyuta. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yasingetufikia kama tunavyoyajua lau Mwalimu Sikujua asingeyakusanya na kumweleza mmisionari W. E. Taylor, mwishoni mwa karne ya 19, shairi hili lilitungwa kwa sababu gani, nani alikuwa akijibiwa, na neno lile la kale lilimaanisha nini. Makaratasi hayo yako London leo. Tukubali kwamba mahali yalipo si petu. Hata hivyo yanasomeka, kwa sababu mtu wa Mombasa aliyejua alikaa akaeleza. Ukipiga picha utenzi leo bila kumketisha mwenye kitabu na kumuuliza, umefanya nusu ya kazi ya Mwalimu Sikujua, tena nusu ile nyepesi.

Kwa hiyo tueleze kazi kamili inavyokwenda, maana wengi wanadhani ni kufungua kitabu na kubonyeza simu.

Kitabu hakifunguliwi hadi kilale bapa mezani. Mgongo wake utapasuka. Huwekwa juu ya mito miwili ya sponji, kikafunguka kwa kadiri mshono unavyoruhusu, na upande mmoja hupigwa kwanza hadi mwisho, kisha upande wa pili. Kamera inasimama kwenye nguzo, lenzi ikiutazama ukurasa moja kwa moja, kwa sababu ikiinama kidogo tu herufi za pembeni zinavutika. Taa mbili zinakaa kushoto na kulia, za aina moja, na dirisha linafungwa pazia ili mwanga wa jua usichanganyike nazo. Mmweko wa kamera unazimwa. Kando ya ukurasa kunawekwa rula na kadi ya rangi: rula ili miaka mingi baadaye mtu ajue ukubwa halisi, kadi ili wino mwekundu usije ukasomwa kuwa wa kahawia. Jalada linapigwa, mgongo unapigwa, na kurasa tupu nazo zinapigwa, kwani ukurasa tupu ulioachwa humfanya msomaji wa kesho ashuku kwamba kuna maneno yaliyorukwa.

Pambizo ndizo zinazokatwa sana na wapiga picha wenye haraka, na kumbe ndimo ilimo historia ya nyumba. Humo utakuta jina la aliyenakili na mwaka wa Hijria, tangazo kwamba kitabu ni wakfu, tarehe ya mtoto kuzaliwa, deni la fulani. Chini ya ukurasa, pembeni kushoto, wanakili wengi waliandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Mshono ukikatika na karatasi zikachanganyika, neno hilo ndilo linalozirudisha kwenye mpangilio wake. Aliyekata sehemu ya chini ili picha ipendeze ameondoa uzi uliokuwa ukikishika kitabu.

Halafu kuna sauti. Utenzi huimbwa, na mahadhi hayamo kwenye karatasi. Kama yupo nyumbani mtu anayeweza kuusoma kwa mahadhi aliyoyapokea kwa mamake au bibi yake, arekodiwe siku hiyo hiyo, aseme jina lake na aliyemfundisha, na rekodi ipewe namba ile ile ya kitabu.

Namba ni jambo dogo linaloangusha miradi mikubwa. Picha inayotoka kwenye kamera huitwa IMG_0034. Kamera tatu, siku tatu, tayari una IMG_0034 tatu, na mmoja wa wafanyakazi akizimwaga zote kwenye folda moja, mbili zinafutika. Jina la faili libebe mahali, nyumba au msikiti, namba ya kitabu na namba ya ukurasa, na liandikwe jioni ile ile kabla mtu hajala. Tumeshawaona vijana wenye moyo safi wakirushiana picha za kurasa kwa WhatsApp na kuhesabu kwamba zimehifadhiwa. Picha inayotumwa kwa njia ya kawaida hubanwa ili iwe nyepesi, na nukta za herufi ndizo huathirika kwanza. Katika hati za Kiarabu nukta ndizo zinazotofautisha be na te. Anayetaka kuituma aitume kama dokumenti, na faili la asili libaki kwenye diski.

Gharama? Tupige hesabu hadharani, kwa sababu kisingizio cha gharama kimezoeleka. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ambayo, ikihifadhiwa kama TIFF bila kubanwa, inafikia megabaiti 72 hivi. Kitabu cha kurasa 200 kinakuwa gigabaiti 14 na ushee. Wilaya ikiwa na vitabu 500 vya ukubwa huo, jumla yake ni terabaiti 7 na kidogo. Zidisha kwa nakala tatu, kwa kuwa nakala moja haitoshi na mbili zikikaa chumba kimoja ni sawa na moja: inakaribia terabaiti 22. Hizo ni diski chache za kununuliwa dukani. Halmashauri inayoweza kununua mafuta ya magari ya msafara wa kiongozi kwa ziara moja haiwezi kutuambia kwamba hili limeishinda.

Kinachokosekana ni mtu. Diski hufa kimya kimya, bila kutoa moshi. Anahitajika mtumishi mwenye jina na mshahara, ambaye kila baada ya miezi kadhaa atazifungua diski zote, ataendesha programu inayopiga hesabu ya kila faili na kutoa mfuatano wake wa herufi na tarakimu, kisha atalinganisha na mfuatano ulioandikwa siku ya kwanza. Chembe moja ya faili ikiwa imebadilika, mfuatano hautalingana, na atachukua nakala nzima kutoka diski nyingine. Programu hizo ni za bure. Baada ya miaka mitano au zaidi anahamisha kila kitu kwenye diski mpya. Kazi hii haina uzinduzi wala utepe wa kukata, ndiyo maana haimo kwenye maandiko ya miradi, na ndiyo maana mradi ukiisha picha nazo huisha.

Na asije mtu akatuambia tuache yote yakae Ulaya, huko wanajua kutunza. Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia mifumo ya British Library yenyewe, wakadai fidia, maktaba ikakataa kulipa, na seva zikaharibiwa. Kwa miezi mingi hazina zake za kidijitali hazikufikika mtandaoni. Ripoti ambayo maktaba hiyo iliitoa mwaka uliofuata ilieleza wazi kwamba nakala salama za mafaili zilikuwapo, ila miundombinu ya kuyarudishia haikuwapo tena. Maktaba tajiri, yenye wataalamu, ilikuwa na nakala ikakosa pa kuzisomea. Hatuitaji kwa kuibeza. Imefanya mengi kwa ajili ya miswada ya Afrika. Tunaitaja kwa sababu mtafiti wa Lamu au wa Dar es Salaam mwenye nakala yake mwenyewe mezani aliendelea kusoma miezi yote ile, na asiye nayo alisubiri London ipone.

Uingereza hiyo hiyo ilijifunza somo jingine mapema zaidi. Mwaka 1986 BBC iliongoza mradi mkubwa wa kuadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, daftari la mfalme la mwaka 1086. Watu wengi, wakiwemo watoto wa shule, waliandika habari za maeneo yao na kuyapiga picha, yote yakatiwa kwenye diski za leza za kisasa za wakati huo. Haikutimia miaka 20 kabla mashine za kuzisomea hazijawa adimu, na wataalamu wakalazimika kuhangaika kuyaokoa yaliyomo. Daftari la ngozi la mwaka 1086 bado lilikuwa likisomeka. Kwetu hapa wapo watu waliotunza harusi na hotuba kwenye kanda za VHS na kwenye CD. Waulize leo watazichezea wapi.

Lipo pingamizi ambalo tunalichukulia kwa uzito. Wapo wanaosema shughuli nzima ya picha ni njia ya makumbusho ya Ulaya na Marekani kukwepa kurudisha vitu: tunawapa picha, ninyi nyamazeni. Tabia hiyo ipo na tunaikataa. Picha ya kigango haisimami mahali pa kigango, na hakuna umbo la kompyuta litakaloifanya mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, zaidi ya tani 200 zilizochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin, iwe imerudi. Lakini huwezi kudai usichokijua. Makumbusho za Kenya, kwa kushirikiana na wasanii na watafiti, walipoanza kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko kwenye makumbusho za nje, waliandikisha zaidi ya vitu 32,000 katika taasisi 30. Ile orodha ndiyo silaha. Kila kitu humo chenye picha, kipimo, mahali kilikotoka na jina la aliyekichukua ni dai linaloweza kupelekwa mezani. Kisicho na maelezo kitabaki kuitwa "kinyago, Afrika Mashariki", na hakuna waziri atakayekidai kwa jina hilo. Tanzania nayo iwe na orodha ya namna hiyo, kamili, iliyo wazi kwa raia.

Si kila kitu kipigwe picha, na si kila picha ioneshwe. Katika kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, kuna mahali ambapo mgeni haingii, na kuna vitu ambavyo wazee hawataki vionekane. Wakisema hapana, kamera irudi mfukoni. Familia inayoruhusu kitabu chake kipigwe picha ina haki ya kusema kisomwe na watafiti tu, au kisiwekwe mtandaoni hadi watoto wa marehemu wakubaliane, na ruhusa hiyo iandikwe kwa Kiswahili wanachokielewa, isainiwe, iambatane na faili. Tena kuna hatari ambayo vijana wengi hawaijui: simu nyingi huandika ndani ya kila picha mahali ilipopigwa, hadi hatua chache za kosa. Ukiweka mtandaoni picha ya pango lenye michoro au kigango kilichosimama porini bila kuyafuta maelezo hayo, umempa mwizi ramani. Kwenye daftari la makumbusho mahali paandikwe. Kwenye picha ya hadhara paondolewe.

Tunachokitaka, basi, ni hiki. Wizara zinazosimamia mambo ya kale na nyaraka, Bara na Zanzibar, na wenzao wa Kenya, zisitoe kibali cha mradi wowote wa picha usio na fungu la kutunza mafaili kwa miaka 10 baada ya mfadhili kuondoka. Nakala kamili, zenye ubora ule ule wa asili, zibaki nchini katika sehemu mbili zisizo mji mmoja. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu mwenye kitabu ndiye atakayeyasahihisha, na hawezi kusahihisha asichokisoma. Vyuo vikuu vyetu vinavyofundisha Kiswahili virudishe mafunzo ya kusoma hati za Kiarabu kwa kila anayesomea fasihi ya kale. Tunakuza wataalamu wa tenzi wasioweza kuusoma utenzi katika mwandiko wake.

Halmashauri za Pwani zianze na hatua ambayo haihitaji hata kamera: afisa utamaduni wa wilaya apite nyumba kwa nyumba na msikiti kwa msikiti, aandike nani ana nini, hali yake ikoje, na nani anaweza kukisoma. Asichukue kitu. Orodha hiyo peke yake itatuambia tuanzie wapi, maana kitabu kinacholiwa na mchwa hakiwezi kupangiwa foleni moja na kile kilichomo ndani ya sanduku kavu.

Na wenye vitabu wasingoje serikali. Kitoeni kitabu kwenye mfuko wa nailoni, unashika unyevu. Kifungeni kwa kitambaa safi cha pamba, kiwekeni juu, mbali na sakafu na ukuta wa nje. Msibandike ukurasa uliochanika kwa selotepu, gundi yake itaula. Kipigeni picha kwa simu mliyo nayo, karibu na dirisha lisilopigwa na jua, ukurasa mzima pamoja na pambizo zake na rula ya mtoto wa shule kando. Muulizeni aliye mkubwa kuliko wote nyumbani kilitoka kwa nani, aeleze huku mmoja wenu akiandika, na nakala moja ya picha na maelezo ipelekeni kwa ndugu anayeishi mji mwingine.